Sheria Imepita, Fedha za Zahanati Ziko Wapi?

Barua tulizopokea safari hii zimegusa jambo moja kwa namna mbalimbali, nalo ni sheria za kugharimia huduma za afya vijijini: zinatungwaje, fedha zake hutoka wapi, na kwa nini mara nyingi mwananchi huisikia sheria redioni muda mrefu kabla ya kuiona zahanatini. Tumechagua barua tano. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati. Bunge lilipopitisha sheria ya kugharimia afya vijijini tulishangilia. Sasa ni mwaka wa pili, dawa zinaisha kama zamani, na mganga mfawidhi anasema hajaona hata senti. Je, tulidanganywa?

Jibu: Ndugu mjumbe, si lazima mmedanganywa. Sheria yaweza kuwa ya kweli, imesainiwa na kutangazwa katika gazeti la serikali, na bado fedha zake zisiwe zimeanza safari. Ukitaka kujua imekwama wapi, usianze na vifungu vya mwanzo vinavyosema kila mwananchi ana haki ya kupata matibabu, maana hivyo huandikwa vizuri karibu katika kila sheria. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya fedha, uisome ukiwa na kalamu mkononi.

Jambo la kwanza la kutafuta ni kiwango. Sheria inayosema mfuko utapata “fedha zitakazotengwa na Bunge” haijaahidi chochote, kwa sababu Bunge linaweza kutenga sifuri na likawa halijavunja sheria. Nigeria iliandika vizuri zaidi katika Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2014: mfuko wa huduma za msingi upate angalau asilimia 1 ya mfuko mkuu wa mapato ya serikali ya shirikisho. Hicho ni kifungu chenye meno, kwa kuwa hata mwananchi wa kawaida anaweza kuchukua bajeti na kupima kama kimetimizwa. Hata hivyo sheria hiyo ilisainiwa Oktoba 2014, na fungu lenyewe likaingizwa katika bajeti kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Kwa hiyo mwaka mmoja na kitu wa kusubiri, kama wenu, ni jambo la kuhojiwa, lakini peke yake hauthibitishi kwamba fedha hazitakuja.

Jambo la pili ni kama kuna sheria nyingine inayoweza kuizidi nguvu sheria yenu. Ghana ilianzisha bima ya afya ya taifa kwa sheria ya mwaka 2003, ikaifungia tozo maalumu ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, ili mfuko usiwe ombaomba mlangoni mwa Hazina kila mwaka. Mpango huo ulikuwa imara, hadi mwaka 2017 ilipopitishwa sheria nyingine iliyoweka ukomo wa fedha zinazoweza kupelekwa kwenye mifuko yenye mapato maalumu. Tozo ikaendelea kukatwa kwa jina la bima ya afya, lakini si yote iliyofika kwenye bima ya afya. Ukomo huo juu ya tozo ya bima ulikuja kuondolewa mwaka 2025, yaani baada ya miaka minane. Mtu anayefuatilia sheria ya afya peke yake asingeona kilichotokea; ilibidi asome pia sheria za fedha, ambazo wengi wetu huziruka.

Jambo la tatu, nalo ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine, ni jina la akaunti ambako fedha zinaishia. Katika nchi nyingi fedha za afya huteremka kutoka Hazina hadi mkoa au kaunti, kisha wilaya, na zahanati hupelekewa vitu badala ya fedha: boksi la glavu, ndoo, dawa ambazo hakuna aliyeziagiza. Tanzania ilibadilisha utaratibu huu kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha zikawa zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti za benki za vituo. Kenya ilifikia jambo linalofanana na hilo kwa njia ya sheria mwaka 2023, pale ilipotamka kwamba mapato yanayokusanywa na kituo cha afya yabaki kituoni na kutumika hapo, badala ya kumezwa na mfuko mkuu wa kaunti. Kwa msomaji wa mjini hayo yanaweza kuonekana kuwa mambo ya wahasibu. Kwa mganga mfawidhi, ndiyo tofauti kati ya kununua mtungi wa gesi wa jokofu la chanjo leo na kuandika barua ya kuuomba.

Jambo la nne ni muda. Niliwahi kuketi mchana mzima na mganga mfawidhi wa zahanati moja akinifungulia leja ya dawa ukurasa kwa ukurasa. Alinionyesha ukurasa wa oksitosini, sindano anayochomwa mama mara tu anapojifungua ili damu isiendelee kutoka. Kwa miezi mitatu mfululizo safu ya salio ilikuwa na sifuri, zimeandikwa kwa uangalifu, moja chini ya nyingine. Kisha mstari uliofuata ukaonyesha mzigo mkubwa kupita mahitaji ya zahanati ile. Nilipouliza, alisema fedha za robo tatu za mwaka ziliingia kwa mpigo mmoja wiki chache kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, na fedha zisizotumika hurudishwa. Ikambidi aagize haraka chochote kilichokuwepo bohari. Pembeni, kwa wino mwekundu, aliandika idadi ya sindano zilizoisha muda wake bila kutumika. Ukiangalia hesabu za mwaka, zahanati ile ilipata haki yake yote. Ukiangalia leja, akina mama walijifungua miezi mitatu bila sindano hiyo. Ndiyo maana sheria nzuri haiishii kutaja kiasi; hutaja pia kwamba kiasi hicho kitolewe kila robo mwaka, na humtaja ofisa atakayewajibika kikichelewa.

Nakushauri basi, ndugu mjumbe, muulize mganga wenu maswali mawili kabla ya kumwendea mbunge: je, kanuni za utekelezaji wa sheria hiyo zimeshatolewa na waziri, na je, zahanati ina akaunti yake yenye watia saini wanaotambuliwa? Pasipo kanuni, Hazina haina idhini ya kulipa; pasipo akaunti, haina pa kulipa. Hapo ndipo sheria nyingi hulala.

Swali: Kila mahali tunaambiwa dawa ya matatizo ya afya ni bima kwa wote. Sisi ni wakulima, hatuna mshahara wa kukatwa. Fedha tunazipata mara moja au mbili kwa mwaka. Je, sheria ya bima inaweza kutusaidia kweli?

Jibu: Swali lako lina zaidi ya miaka mia moja, na lilishawahi kujibiwa na Bunge. Mwaka 1911 Uingereza ilitunga Sheria ya Bima ya Taifa, ambayo ilimkata mfanyakazi mchango kutoka kwenye ujira, mwajiri akaongeza wake, na serikali ikaongeza wake. Kwa mtu wa kiwandani mpango huo ulifaa. Lakini kaskazini mwa Scotland, kwenye milima na visiwa, watu wengi walikuwa wakulima wadogo na wavuvi wasio na mwajiri. Hapakuwa na ujira wa kukata, kwa hiyo sheria iliwapita kama mvua inayonyesha ng'ambo ya pili ya bonde.

Iliundwa kamati chini ya Sir John Dewar, ambayo mwaka 1912 ilikwenda kusikiliza watu na madaktari wa huko, ikaeleza kwa kina jinsi daktari mmoja alivyolazimika kusafiri kutwa nzima kwenda kwa mgonjwa ambaye hakuwa na uwezo wa kumlipa hata nauli. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyotenga ruzuku ya pauni 42,000 kwa mwaka kutoka Hazina kwa ajili ya huduma za tiba za eneo hilo. Daktari alihakikishiwa kipato cha chini na gharama za safari, na mgonjwa alilipa ada ndogo isiyobadilika kwa sababu ya umbali. Soma sentensi hiyo tena: aliyekaa mwisho wa njia alilipa sawa na aliyekaa jirani na daktari. Kadiri miaka ilivyopita mpango ule uligharimia wauguzi na hospitali, na katika miaka ya 1930 ndege zikaanza kubeba wagonjwa wa visiwani. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza nzima ilikuja kuanza Julai 1948, miaka 35 baadaye.

Nimeirefusha habari hii kwa makusudi, kwani ndani yake mna jibu lako. Bima inayotegemea makato ya mshahara haiwezi peke yake kumhudumia mtu asiye na mshahara. Lazima sheria iingize fedha za kodi. Swali ni kwa namna gani. Thailand, kwa Sheria ya Usalama wa Afya ya Taifa ya mwaka 2002, iliamua kwamba watu wasio katika ajira rasmi wagharimiwe na kodi, na hospitali ya wilaya ikawa inapewa kiasi maalumu kwa kila kichwa cha mtu aliyeandikishwa katika eneo lake. Mkulima hakutakiwa kuchangia kila mwezi. Kenya imechagua njia ya mchanganyiko. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 inadai asilimia 2.75 ya kipato, na hata asiye na mshahara hupimwa kipato cha kaya yake na kulipa kiasi kisichopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Lakini sheria hiyohiyo imeanzisha pia mfuko wa huduma za msingi unaogharimiwa na serikali, ili zahanati na vituo vya afya vitibu bila malipo.

Maoni yangu ni kwamba kwa mtu wa hali yako huo mfuko wa huduma za msingi una thamani kuliko kadi ya bima yenyewe. Mchango unaodaiwa mwezi wa njaa hautalipwa, hata adhabu iwe kali namna gani, na kaya itakuwa nje ya bima wakati uleule mtoto anapougua. Muswada wa bima ukiletwa kwenu, ulizeni kwanza ni huduma zipi zitatolewa zahanatini bila kuulizwa kadi, na fedha zake zimeandikwa katika kifungu kipi.

Swali: Hospitali yetu ndogo inalipwa na mfuko wa bima kwa kila mgonjwa inayemhudumia, sawasawa na hospitali za mjini. Wakubwa wanasema huo ndio usawa. Mbona sisi tunaelekea kufunga na wao wanajenga ghorofa? — Katibu wa afya

Jibu: Ndugu katibu, mnalipwa sawa kwa mgonjwa, lakini hamna wagonjwa sawa kwa idadi, na gharama kubwa ya hospitali haitegemei idadi hiyo. Muuguzi wa zamu ya usiku hulipwa alale mgonjwa mmoja au ishirini. Jenereta hunywa mafuta yaleyale. Chumba cha kujifungulia lazima kiwe tayari saa zote, hata kama kwa siku nne hakuna aliyekuja na uchungu, kwa sababu siku ya tano atakuja mmoja ambaye hawezi kusubiri. Mjini gharama hiyo hugawanywa kwa wagonjwa mia. Kwenu inagawanywa kwa sita.

Marekani ilijifunza hili kwa hasara. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sheria ya mwaka 1946 inayojulikana kama Hill-Burton ilitoa fedha za kujenga hospitali, nyingi zikiwa katika miji midogo na vijijini, na vituo vilivyopewa fedha vikatakiwa kuwatibu baadhi ya wasiojiweza. Majengo yakasimama. Kisha mwaka 1983 Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ikaanza kuzilipa hospitali kiasi kilichopangwa kabla kwa kila mgonjwa kulingana na ugonjwa wake. Hospitali kubwa zilimudu. Ndogo zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine, yakiwemo yale majengo yaliyojengwa kwa kodi ya wananchi.

Mwaka 1997 bunge la nchi hiyo likaunda daraja jipya la hospitali za vijijini. Masharti yake ni ya wazi: isizidi vitanda 25; wastani wa siku za kulazwa kwa wagonjwa wa kawaida usizidi saa 96; huduma ya dharura iwepo mchana na usiku; na iwe mbali na hospitali nyingine kwa takribani kilomita 56, au 24 kwenye milima na barabara mbaya. Ikitimiza hayo, Medicare haiilipi kwa kila ugonjwa bali huilipa gharama zake halisi na nyongeza ya asilimia 1. Leo zipo hospitali zaidi ya 1,300 za namna hii. Tangu Januari 2023 lipo daraja jingine tena, la hospitali isiyolaza wagonjwa kabisa ila hutoa huduma za dharura na za kutwa, nayo hupewa na Medicare zaidi ya dola 270,000 kila mwezi iwe na wagonjwa wengi au wachache. Hapo sheria imekubali kulipia mlango kuwa wazi.

Mfumo huo una kasoro yake, nawe kama katibu utaiona upesi: anayelipwa gharama zake zote hana haraka ya kuzipunguza, kwa hiyo ukaguzi wa hesabu lazima uwe mkali. Hata hivyo nauona ni kasoro ndogo kuliko ya kumwacha mama mwenye uchungu apite mbele ya hospitali iliyofungwa. Ombi lenu kwa mfuko wa bima lisiwe kuongezewa kiwango kwa kila mgonjwa, kwa kuwa wagonjwa wenu ni wachache na nyongeza itakuwa ndogo; liwe ni ruzuku ya kudumu ya kuendesha zamu, juu ya malipo ya wagonjwa. Na mwangalie pia mkono wa pili wa serikali unafanya nini. Sheria ya Marekani ya Julai 2025 ilitenga dola bilioni 50 kwa miaka mitano kwa ajili ya afya vijijini, na katika sheria hiyohiyo ikapunguza kwa kiasi kikubwa zaidi fedha za Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, ambayo hospitali nyingi za vijijini huitegemea.

Swali: Kwa nini serikali isitunge sheria ya kuwalazimisha madaktari wakae vijijini?

Jibu: Inaweza, na baadhi zimefanya hivyo; Thailand imekuwa ikiwadai madaktari wapya utumishi wa miaka mitatu tangu miaka ya 1970. Lakini kulazimisha kunamleta daktari, hakumbakishi. Thailand yenyewe ilikwenda mbali zaidi: kati ya mwaka 1982 na 1986 ilisimamisha uwekezaji mpya katika hospitali za mijini ili fedha zijenge hospitali za wilaya, na hivyo daktari aliyepelekwa huko alikuta mahali pa kufanyia kazi. Marekani ilitumia njia ya kumlipia deni la masomo anayekubali kwenda kwenye maeneo yenye uhaba wa madaktari, kupitia mpango ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1970. Sheria yao ya mwaka 1977, isiyotajwa sana, iliruhusu zahanati za vijijini kulipwa hata pale mgonjwa alipohudumiwa na muuguzi mwenye mafunzo ya juu badala ya daktari. Mimi ningeanza na hiyo, kwa sababu muuguzi tayari yupo kijijini, tena mara nyingi ni mwenyeji wa hapo.

Swali: Kamati ya Bunge inakuja kukusanya maoni kuhusu muswada wa afya. Tumepewa dakika kumi. Tuseme nini?

Jibu: Ndugu zangu, msitumie dakika hizo kulalamika kwa ujumla kwamba hali ni mbaya, kwa kuwa wajumbe wamelisikia hilo kila walikopita. Chagueni vifungu viwili tu vya muswada, vile vya chanzo cha fedha na vya namna ya kuzifikisha kituoni, na mlete maneno mnayotaka yaongezwe yakiwa yameandikwa tayari: badala ya “Waziri anaweza kutoa fedha”, iandikwe “Hazina itatoa, kila robo mwaka, moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo”. Neno “anaweza” katika sheria ni pana kuliko linavyosikika.

Mwacheni muuguzi au mkunga aseme, si mwenyekiti peke yake. Naye asiseme kwa kichwa. Abebe leja ya dawa na daftari la rufaa, afungue ukurasa mmoja wa kila moja, asome tarehe dawa ilipoisha na tarehe ilipokuja, na ni wagonjwa wangapi walipewa rufaa katikati ya tarehe hizo. Majina ya wagonjwa yafunikwe. Toeni nakala za kurasa hizo pamoja na maoni yenu ya maandishi, mzikabidhi kwa karani wa kamati kabla kikao hakijaanza, na mbaki na nakala moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.